Nani Anakesha na Seva?

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipandishwa Mlima Kilimanjaro. Nape Nnauye, wakati huo waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, alizindua huduma ya shirika la simu la TTCL katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na vyombo vya habari vya ndani na nje vikasimulia jinsi wapandaji watakavyorusha picha mitandaoni wakiwa bado mlimani. Swali la fundi halikupata nafasi kubwa: mtambo ule ukigoma saa nane usiku, ukungu umetanda na mvua inapiga, nani anaamka?

Kwa mgeni anayepita njia ya Marangu, Horombo ni mwendo wa siku mbili. Hata mpagazi mwenye mapafu ya mlima hapandi huko kila taa ya kifaa inapozimika. Mitambo ya namna hiyo, popote ilipo duniani, kwa sehemu kubwa hutunzwa kwa mbali. Mtu anakaa mezani mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, anaandika amri fupi, anasoma majibu, anaandika nyingine. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanamhusu mtu huyo, na yanamhusu zaidi kijana wa Moshi, Kibosho au Rombo anayetaka kuwa yeye.

Serikalini cheo chake ni ofisa TEHAMA. Mtaani ni "mtu wa kompyuta" tu. Printa ikikwama anaitwa, wifi ikiwa nzito anaitwa, na zipo ofisi ambako hata feni ikigoma jicho la kwanza linamtazama yeye. Katika shughuli zote hizo, iliyo nzito ndiyo isiyoonekana: kutunza seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Na seva nyingi za dunia hii zinaendeshwa na mfumo endeshi uitwao Linux.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo ya Dar es Salaam au ya ng'ambo. Basi aende zahanati yoyote ya mteremko wa mlima, Uru au Kirua Vunjo, amtazame muuguzi mwisho wa mwezi. Mezani kuna vitabu vikubwa vya MTUHA, vya takwimu za huduma za afya, na muuguzi anajumlisha: watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, wagonjwa wa malaria. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo unaoitwa DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania imekuwa ikiutumia tangu miaka ya mwanzo ya 2010. DHIS2 ni programu huria, na mwongozo wake wa usimikaji unamwelekeza fundi kwenye Linux. Hesabu iliyoanza kwa kalamu ya wino kule mgombani inaishia kwenye diski ya mashine ya Linux ambayo muuguzi hataiona maisha yake yote.

Hospitali zilitangulia. Katikati ya muongo wa 2000, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilichukua mfumo huria wa hospitali uitwao Care2X, likaurekebisha kulingana na mahitaji ya hapa na kuupeleka katika baadhi ya hospitali zake. Mfumo wenyewe haukuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na leseni ya kulipia. Gharama ilihamia kwingine: lazima awepo mtu wa kuujua.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kusimika seva ni kazi ya siku moja, pengine mbili, na siku hiyo huwa na hotuba, picha na soda. Kuitunza ni kazi ya miaka, haina hotuba, na mara nyingi haina hata kifungu katika bajeti. Miradi mingi ya kompyuta hununua mashine na kumsahau mwangalizi.

Linux ilianza kama shughuli ya mwanafunzi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliandika kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi kwa vifaa vya kompyuta, akaiachia watu waitazame na kuirekebisha. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Afrika nayo ina mkono wake katika hadithi hii: Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, alitoa Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilikuwa ikiwatumia watu sidii za Ubuntu kwa posta bila malipo. Simu za Android zilizojaa kwenye daladala za Moshi zina kerneli hiyohiyo. Abiria anaibeba mfukoni hajui.

Sasa, anayeanza aanze na nini?

Hahitaji seva. Laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili au nne inatosha, hata ile ambayo betri yake imekufa na lazima ikae kwenye waya. Ubuntu Server inazidi gigabaiti mbili kuipakua. Mwenye bando dogo anaweza kuanza na Debian, toleo jingine la Linux, ambayo faili lake la kusimikia kupitia mtandao halifiki gigabaiti moja. Asisimike mazingira ya picha. Bila kipanya na bila vitufe vya kubofya, atalazimika kuizoea terminali, kile kioo cheusi cha amri, tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo faida anayoitafuta.

Mashine ya mtumba ina ujanja wake. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayoilinda saa kompyuta inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Mwanafunzi anaagiza programu mpya, na Linux inakataa: inamwambia kwamba orodha ya programu iliyopokelewa ni ya tarehe ambayo bado haijafika. Mgeni wa kazi hii atadhani mtandao ni mbovu, atanunua bando jingine, atazima na kuwasha. Mzoefu anaandika neno moja, date, herufi d, a, t, e, anaiona tarehe, anacheka, anaenda kununua betri.

Saa ndiyo somo ambalo Mswahili anapaswa kulisoma kwa makini kuliko mtu mwingine. Linux ina mtumishi aitwaye cron ambaye hufanya kazi kwa ratiba: kila usiku chukua nakala, kila Jumapili safisha taka. Ratiba huandikwa kwa namba, kwanza dakika, kisha saa, halafu siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Tuseme ofisa anataka nakala ichukuliwe saa nane usiku, watu wamelala na mfumo umetulia. Akiandika 8, kazi itaanza saa mbili asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, na kila kompyuta ya mapokezi itajikokota. Alipaswa kuandika 2. Lakini seva nyingi, hasa zile za kukodi mtandaoni, huja zikiwa zimewekwa kwenye saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwenye mashine kama hiyo 2 yake inakuwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo kabla ya kuandika ratiba yoyote, mwanafunzi aiambie mashine iko wapi. Amri ni timedatectl, nafasi, set-timezone, nafasi, kisha Africa/Dar_es_Salaam. Moshi haimo katika orodha ya miji ya Linux, ila saa yake ni ileile.

Baada ya saa, diski. Andika herufi d na f, acha nafasi, weka kistari, halafu h. Mashine itaonyesha kila diski, imejaa kwa asilimia ngapi na nafasi iliyobaki. Ni amri ya sekunde moja, nayo ingeokoa asubuhi nyingi mbaya. Seva hujaa polepole, kwa sababu kila kinachotokea ndani yake kinaandikwa kwenye mafaili ya kumbukumbu, na mengi kati ya hayo hukaa katika saraka iitwayo /var/log. Yasipopunguzwa yanameza diski. Siku diski ikifika asilimia 100, hifadhidata haiwezi kuandika tena. Karani anabonyeza "hifadhi", hakuna kinachotokea, na ofisi nzima inasema mtandao umekata. Mtandao hauna kosa lolote.

Mafaili hayohayo yanayomeza diski ndiyo yanayosema kweli. Anayejifunza ayasome kila siku hata kama hakuna tatizo, ili siku ya tatizo aijue sura yake. Kwenye Debian ya siku hizi, journalctl ndiyo amri ya kuyafungulia. Na aliyewahi kuweka seva yenye anwani ya wazi kwenye intaneti anajua kitakachomshangaza kwanza. Haichukui muda mrefu, mistari inaanza kumiminika: nywila isiyo sahihi kwa mtumiaji root, kutoka anwani fulani ya mbali, nywila isiyo sahihi kwa mtumiaji admin, kutoka anwani nyingine. Hakuna binadamu anayemlenga yeye. Ni programu zinazozunguka dunia usiku na mchana zikijaribu kila mlango zinaoukuta.

Mlango huo unaitwa SSH, na wenyewe ulizaliwa Ufini pia. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Helsinki, aliuandika baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na nywila kunaswa zikipita kwenye waya. Kwa SSH, mtu aliyeko Moshi mjini anaingia kwenye mashine iliyoko Dar es Salaam au Frankfurt, na kila anachoandika kinapita kimefumbwa. Somo la msingi hapa ni kuacha kuingia kwa nywila na kutumia jozi ya funguo: mmoja unabaki kwenye kompyuta ya ofisa, mwingine unawekwa kwenye seva. Programu za kubahatisha nywila zitaendelea kubisha hodi, lakini hakutakuwa na nywila ya kubahatisha.

Kisha ruhusa. Linux huliuliza kila faili mambo matatu: mwenyewe anaweza kufanya nini, kundi lake linaweza nini, na wengine wote wanaweza nini. Kusoma kunahesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha 1. Faili la orodha ya wagonjwa likipewa 640, mwenyewe anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, na wengine hawaoni kitu. Mwanafunzi aliyechoka, programu inagoma na usiku umekwenda, hushawishika kuandika 777, na ghafla kila kitu kinafanya kazi. Bila shaka kinafanya kazi: amegeuza seva kuwa maonyesho ya Sabasaba, kila mtu anaingia, tena bila tiketi. Tabia hiyo ikishaota ni ngumu kung'oa. Afadhali kukaa saa nzima kutafuta ni mtumiaji gani aliyenyimwa, na kwa nini.

Hilo si suala la unadhifu wa kazi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozitaka zilindwe kwa uangalizi wa pekee. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Kijana anayejifunza afanye majaribio yote kwenye mashine yake mwenyewe. Kujaribu "kidogo tu" mlango wa shule aliyosoma, kwa utani, kunaweza kumpeleka mahakamani kabla hajapata ajira ya kwanza.

Linabaki la umeme, na hapa Moshi haimhitaji mwalimu. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 wanakumbuka. Linux ya leo hupangilia diski kwa mfumo, ext4 kwa mfano, unaoandika kwanza daftari la kile inachokusudia kufanya, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla inajua ilipoishia na hunyanyuka haraka. Lakini daftari hilo linalinda mpangilio wa diski. Rekodi ambayo karani alikuwa bado anaijaza haimo. Ndiyo maana panahitajika UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, na si UPS ya kuwekwa tu chini ya meza ikapiga kelele. Iunganishwe na seva kwa waya wa USB, na programu kama NUT iiambie mashine: chaji inakaribia kuisha, funga kazi vizuri, zima. Msimu wa masika, radi zinapopasua juu ya Machame, afadhali seva iliyojizima yenyewe kuliko iliyozimwa.

Na nakala. Kila ofisi husema inayo. Ukiuliza iko wapi, mara nyingi jibu ni kwamba iko kwenye diski ileile, ndani ya mashine ileile, chumba kilekile. Ofisa wa kweli huiweka moja mahali pengine kabisa, ikiwa imefumbwa. Chombo cha kufanyia kazi hiyo ni rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, nayo inamfaa sana mtu anayenunua intaneti kwa bando, kwa sababu inalinganisha faili la zamani na jipya na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Tahadhari moja: hifadhidata inayofanya kazi hainakiliwi hivihivi, kwani itabadilika huku inanakiliwa na kutoka vipandevipande. Kwanza itolewe kwa amri yake yenyewe, pg_dump kwa wanaotumia PostgreSQL, ndipo rsync ibebe kilichotolewa.

Hata hivyo nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Zoezi zuri kuliko yote kwa mwanafunzi ni la kikatili: afute kila kitu kwenye ile laptopu ya mtumba kwa makusudi, kisha airudishe ilivyokuwa kutoka kwenye nakala, saa ikiwa mezani. Mara ya kwanza atagundua alisahau saraka ya /etc, ambamo mipangilio mingi ya mfumo hukaa. Ni heri kugundua hilo nyumbani Pasua, chai ikiwa pembeni, kuliko hospitalini.

Lugha imewahi kutajwa kama kikwazo, na lilifanyika jambo kubwa. Mradi ulioitwa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulikusanya istilahi za kompyuta na mwishoni mwa 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa terminali mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Amri nyingi ni vifupisho, ls, cp, mv, na Mwingereza naye huzikariri kama Mchaga. Ugumu uko kwenye miongozo na ujumbe wa makosa, ambavyo bado vingi ni vya Kiingereza. Vyuo vya hapa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, vingefanya jambo la maana kuwapa wanafunzi wao kazi ya kuandika miongozo mifupi kwa Kiswahili, ya mambo halisi: UPS, bando, saa. Kwa sasa anayesoma Kiingereza ana kitabu cha William Shotts kuhusu terminali ya Linux, ambacho mwandishi anakitoa bure mtandaoni. Kwa anayetaka cheti ipo LPI, taasisi ya vyeti vya Linux, ambayo mtihani wake wa ngazi ya kwanza umegawanywa sehemu mbili. Vyeti vinafungua mlango wa usaili. Swali la pili la msaili mjuzi huwa ni "ulishawahi kurekebisha nini?"

Wajumbe wa bodi za hospitali, shule, SACCOS na vyama vya wakulima wa kahawa wanaosikiliza wana la kufanya pia, na halihitaji utaalamu. Kikao kijacho wamuulize ofisa wao TEHAMA maswali mawili: nakala ilirudishwa kwa majaribio lini mara ya mwisho, na yeye akiugua wiki mbili, nani mwingine anajua funguo za seva ziliko. Kama jibu la swali la pili ni "hakuna", watafute kijana mmoja aliyejifunza Linux kwenye laptopu ya mtumba, wamlipe posho, akae pembeni ya ofisa huyo kuanzia Jumatatu.